Swali Dogo Lenye Mwisho: Mwanafunzi wa Udaktari na Utafiti Wake wa Kwanza wa Radiolojia

Mhadhara uliotolewa London mbele ya wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika Mashariki

Namshukuru Katibu wa chama chetu kwa kutupatia ukumbi hapa Bloomsbury, na kwa kukubali mhadhara huu uwe wa Kiswahili. Wapo waliomuuliza kama radiolojia inazungumzika kwa Kiswahili. Kila siku Muhimbili na Mnazi Mmoja wagonjwa wanaelezwa majibu ya picha zao kwa lugha hii hii na wanaelewa, kwa hiyo na sisi tutaelewana.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wanafunzi hunikamata nalo kwenye korido. Mtu yuko mwaka wa pili au wa tatu. Ana wiki sita za likizo ya kiangazi, hana ufadhili, hajulikani na mtu yeyote kwenye idara, na hajawahi kukaa kwenye chumba cha kusomea picha. Atapataje utafiti mfupi wa radiolojia na aumalize? Hilo la kuumaliza nimeliongeza mimi, maana kuanza hakujawahi kumshinda mtu.

Nina hoja sita. Si za urefu mmoja. Ya pili itatuchukua muda, na ya tano nitaipitia nikiwa nimesimama mguu mmoja.

Hoja ya kwanza: tafuta swali, achana na mada

Barua nyingi ninazozipata zinasema, "Daktari, napenda radiolojia ya ubongo, naomba nafasi ya utafiti." Siku hizi ubongo umepokonywa nafasi yake na akili bandia, lakini barua ni ileile. Msimamizi akiisoma hajui akupe nini ufanye Jumatatu asubuhi. Mada haina mwisho. Unaweza kuisoma hadi uzeeni. Swali lina siku linapojibiwa.

Niwape mfano wa zamani, na umetokea upande wetu wa dunia, kando ya Mto Nile. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg Novemba 1895. Haikutimia hata miaka mitatu, daktari wa jeshi la Uingereza, Meja John Battersby, alikuwa amefikisha mashine ya eksirei Abadieh, Sudan, jangwani. Vifaa vilisafirishwa vikiwa vimefungiwa vitambaa vizito vilivyoloweshwa maji ili joto lisiviharibu. Umeme ulitoka kwenye dainamo iliyozungushwa na baiskeli ya watu wawili: askari wanakanyaga pedali, daktari anapiga picha.

Vita vya Omdurman vilipiganwa tarehe 2 Septemba 1898. Majeruhi 121 wa Kiingereza wakaletwa Abadieh. Kati yao, 21 walikuwa na majeraha ambayo kwa njia za kawaida za wakati ule, yaani kupapasa na kuingiza kijiti cha chuma kwenye kidonda, haikuwezekana kujua risasi imekaa wapi, au kama imo kabisa. Kwa 20 kati ya hao 21, eksirei ilitoa jibu. Na yule mmoja? Battersby hakumficha. Alieleza kwamba mtu huyo alikuwa na jeraha baya la risasi kwenye pafu na hali yake haikuruhusu apigwe picha. Mwaka 1899 hayo yote aliyawasilisha hapa London, mbele ya Chama cha Röntgen.

Angalieni umbo la kazi hiyo. Kuna idadi ya wote, 121. Kuna wale ambao swali linawahusu, 21. Kuna waliopata jibu, 20. Kuna mmoja aliyeachwa, na sababu ya kumwacha imeandikwa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu, na miaka zaidi ya 120 baadaye tunaweza kuijadili bila kumtafuta mwandishi atufafanulie. Asilimia ya kazi za wanafunzi zinazoletwa mezani kwangu zikiwa na namba hizo nne kamili sitaitaja, kwa kuwa wengine mmekaa hapa mbele.

Lakini tusiondoke Omdurman haraka. Siku ile wapiganaji wa upande wa Sudan walianguka kwa maelfu. Katika wale 121 hayumo hata mmoja wao. Battersby aliandika kwa uaminifu kuhusu watu aliowapokea, na waliopokelewa walikuwa wa jeshi lake. Kwa hiyo mnapojifunza kwake kuhesabu walioingia, jifunzeni pia kuuliza ni nani aliyekuwa na jeraha lilelile na hakufikishwa mlangoni. Swali hilo litatufuata hadi mwisho wa mhadhara.

Hoja ya pili: anza na ukaguzi

Hapa Uingereza kazi za namna hii zimegawanywa makundi matatu. Utafiti wenyewe hutafuta maarifa mapya yatakayotumika hata nje ya hospitali ulikofanyika. Ukaguzi wa kitabibu hupima kama tunafanya kile ambacho tayari tumekubaliana kukifanya. Tathmini ya huduma hueleza tu huduma ilivyo. Health Research Authority, mamlaka inayosimamia utafiti wa afya, imeweka dodoso fupi la kukusaidia kujua kazi yako inaangukia wapi. Lijaze, chapisha jibu, liweke kwenye faili.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu kwa mwenye wiki sita? Kwa sababu utafiti wenyewe unapohusu wagonjwa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, hupitia vibali, na vibali hula wiki sita kabla hujafungua kompyuta. Isitoshe, tangu Septemba 2021 mwanafunzi wa shahada ya kwanza haruhusiwi kuendesha utafiti wake mwenyewe pale unapohitaji idhini ya mamlaka hiyo. Anaweza kuwa sehemu ya utafiti wa wakubwa, sawa, lakini wake peke yake hapana. Ukaguzi hausubiri foleni hiyo. Unausajili kwenye ofisi ya ukaguzi ya hospitali, msimamizi anatia saini, unaanza. Na msiudharau. Royal College of Radiologists, chuo cha mabingwa wa radiolojia chenye makao yake Lincoln's Inn Fields, matembezi ya robo saa kutoka hapa, kimeandaa vielelezo vya ukaguzi ambavyo mtu anavichukua na kuvitumia: kiwango kimeshaandikwa, kinachopimwa kimeshaandikwa.

Sasa tukae na mfano mmoja tuuchambue. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, inasema hivi kuhusu mtu mzima aliyeumia kichwa: akionyesha mojawapo ya dalili za hatari zilizoorodheshwa, kama vile degedege baada ya ajali, dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, au kutapika zaidi ya mara moja, apigwe CT ya kichwa ndani ya saa 1. Na ripoti ya awali ya maandishi ipatikane ndani ya saa 1 baada ya picha. Hapo umepewa viwango viwili bure. Kazi yako ni kupima.

Mwanafunzi mwenye haraka atachukua saa ya mgonjwa kufika hospitali na saa ya picha, atatoa moja kwenye nyingine, amemaliza. Tumwangalie mgonjwa wa kubuni, kwa saa zetu za Kiswahili. Mzee amefika saa 4:10 usiku, ametapika mara moja njiani. Saa 5:25 anatapika tena mbele ya nesi. Saa 5:40 daktari anaomba CT. Saa 6:15 anapigwa picha. Saa 7:05 ripoti imeandikwa. Ukihesabu tangu alipofika, picha imechukua zaidi ya saa 2 na idara imeshindwa. Lakini mwongozo hauhesabu tangu alipofika. Unahesabu tangu dalili ya hatari ilipotambuliwa, yaani saa 5:25. Kwa hesabu hiyo picha imechukua dakika 50, ripoti dakika 50 nyingine, na kiwango kimefikiwa mara zote mbili. Tofauti ya majibu hayo mawili imelala kwenye mstari mmoja wa mwandiko wa nesi. Mfumo wa kompyuta wa radiolojia haumjui nesi. Ni lazima mtu aende akasome faili la mgonjwa, na mtu huyo ni wewe. Hapo ndipo mchango wa mwanafunzi ulipo: bingwa hana muda wa kusoma mafaili themanini, kompyuta haiwezi kuusoma mwandiko ule, na wewe una wiki sita.

Kuna mtego mwingine nataka muucheke sasa ili msije kuulilia baadaye. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi hii hurudishwa nyuma. Inapofika saa nane usiku inakuwa saa saba tena. Mgonjwa akifika saa saba na dakika arobaini na akapigwa picha nusu saa baadaye, jedwali lako litaonyesha kwamba amepigwa picha nusu saa kabla hajafika. Ukimwona mgonjwa wa namna hiyo usimfute kimyakimya. Angalia tarehe, rekebisha, andika ulichofanya.

La mwisho kwenye hoja hii ndilo zito. Orodha ya wagonjwa utaitoa wapi? Njia rahisi ni kuomba idara ya radiolojia orodha ya CT zote za kichwa za mwezi. Ukifanya hivyo umewakosa watu waliokuwa na dalili za hatari na hawakupigwa CT kabisa, na pengine hao ndio walioonewa zaidi. Anza na orodha ya idara ya dharura: wote walioumia kichwa. Mmeona Omdurman imerudi.

Kama majeraha ya kichwa yamekwisha kukaguliwa mpaka watu wamechoka, yapo mengine. Fomu za kuomba eksirei ya kifua, je, zinaeleza daktari anatafuta nini, au zimeandikwa "kifua" basi? Kanuni za mwaka 2017 za mionzi kwa wagonjwa zinamtaka anayeomba picha atoe taarifa za kutosha za kuhalalisha mionzi ile. Au mipira ya kulishia inayopitishwa puani: eksirei inatakiwa iwe njia ya pili baada ya kupima asidi ya majimaji ya tumboni, kiwango salama kikiwa kati ya pH 1 na 5.5. Ni wangapi walipelekwa eksirei bila kujaribiwa kwanza? Chakula kikimwagwa kwenye pafu kwa mpira uliokosea njia, NHS hulihesabu tukio hilo miongoni mwa yale yasiyotakiwa kutokea kamwe. Swali dogo, lakini hospitali yoyote italisikiliza.

Hoja ya tatu: mtafute mtu mwenye swali ambalo hana muda nalo

Wengi mnaelekea moja kwa moja kwa profesa. Sikatazi. Lakini mafunzo ya ubingwa wa radiolojia hapa huchukua miaka mitano, na kila mwaka daktari aliye kwenye mafunzo hukaguliwa maendeleo yake. Kati ya anavyotakiwa kuonyesha ni ukaguzi au kazi ya kuboresha huduma. Huyo daktari ana zamu za usiku, ana mitihani ya chuo, na ana ukaguzi ulioanzwa na mwenzake aliyehamia hospitali nyingine. Yeye ndiye mtu wako. Bingwa atatia saini juu, naye ni lazima awepo, ila wa kukaa naye na jedwali ni huyu.

Mwandikie kwa ufupi. Sema uko mwaka wa ngapi na chuo gani. Sema una wiki sita kuanzia Julai, siku tatu kwa wiki. Sema unachoweza: kusoma mafaili, kujaza jedwali, hesabu za kawaida. Halafu uliza swali moja: "Je, kuna ukaguzi unaohitaji kurudiwa?" Swali hilo ni la dhahabu. Ukaguzi hukamilika pale unapopima, unabadilisha jambo, kisha unapima tena. Kipimo cha pili ndicho kinachokufa kila mahali kwa sababu watu wamehamishwa. Anayeomba kurudia hukuta kiwango kipo, fomu ipo, usajili upo, na matokeo ya mwanzo yapo ya kulinganisha. Wiki sita zinatosha na zinabaki.

Sisi tumelelewa kwamba mkubwa asipojibu, kumwandikia mara ya pili ni kumkosea adabu. Hapa kutojibu mara nyingi maana yake ni kwamba barua yako imefunikwa na nyingine. Ngoja wiki moja, andika tena kwa heshima, mistari miwili. Msishangae pia mkiambiwa mumwite bingwa kwa jina lake la kwanza. Ulimi utakataa kwa muda. Wangu ulikataa miaka.

Adabu ya chumba cha kusomea picha nayo ina sheria zake. Chumba ni cha giza, simu inalia, na mtu aliye kwenye zamu anaweza kuwa na CT ya tumbo la mgonjwa anayekwenda kupasuliwa usiku huo. Ukimkuta katika hali hiyo, rudi nyuma, utapata nafasi. Mahali pazuri pa kujulikana ni mikutano ya kila wiki ambapo madaktari wa upasuaji, wa saratani na wa radiolojia hujadili wagonjwa kwa pamoja. Omba ruhusa, kaa nyuma, sikiliza ni jambo gani wanalolalamikia kila wiki. Malalamiko yanayojirudia ni utafiti ambao bado haujapata mwenyewe. Na msiwapite wataalamu wa mionzi wanaopiga picha zenyewe. Bingwa anajua picha imechelewa. Mpiga picha anajua imechelewa kwa sababu mgonjwa hakuwa na mtu wa kumsukuma kiti.

Hoja ya nne: kuna data isiyohitaji hospitali

Tuseme milango yote imefungwa. Zipo hazina za picha zilizowekwa wazi kwa watafiti, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa. Inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 2017 na taasisi za taifa za afya za Marekani: eksirei za kifua 112,120 za wagonjwa 30,805. Mwanafunzi akisikia namba hiyo, mate yanamdondoka na tayari anaona programu yake ya akili bandia ikitangazwa kwenye habari.

Namwomba kwanza aangalie picha. Majina ya magonjwa kwenye hazina ile hayakuandikwa na mtu aliyeitazama kila picha; yalichotwa na kompyuta kutoka kwenye maandishi ya ripoti. Daktari wa radiolojia wa Australia, Luke Oakden-Rayner, aliketi akazitazama picha zenyewe, akakuta majina mengi hayalingani na kinachoonekana. Akaona pia kwamba wengi wa waliotajwa kuwa na hewa nje ya pafu walikuwa tayari wamewekewa mpira kifuani wa kuitoa. Kompyuta inayofundishwa kwa picha hizo inaweza kujifunza kuutambua mpira, ikapata alama za juu, kisha ikampita mgonjwa ambaye bado hajatibiwa, na huyo ndiye anayehitaji kuonekana. Kazi ile haikutaka mashine kubwa. Ilitaka macho, subira na elimu ya kifua. Mwanafunzi anayeongozwa na bingwa anaweza kuchukua picha mia mbili za aina moja, wakazisoma wawili bila kuonana, wakapima wanakubaliana kiasi gani kwa kipimo cha kappa alichokianzisha Jacob Cohen mwaka 1960. Huo ni utafiti, na una mwisho.

Kama bado mna shaka kwamba kidogo kinatosha, mkumbukeni sokwe. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia madaktari wa radiolojia 24. Waliwapa CT za mapafu watafute vivimbe vidogo, na kwenye kipimo cha mwisho wakapachika picha ya sokwe mkubwa mara 48 ya kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona, ingawa mashine iliyofuatilia macho yao ilionyesha kwamba wengi walimtazama pale pale alipo. Washiriki 24, swali moja, na hadi leo sokwe huyo bado anatajwa panapozungumzwa makosa ya usomaji wa picha.

Nyinyi mna jambo la kuongeza kwenye hazina hizi ambalo wenzenu hawana. Kifua cha mgonjwa wa Bethesda, Maryland, zilikotoka picha za hazina ile, hakina historia moja na kifua cha mgonjwa wa Temeke au Kibera aliyewahi kuugua kifua kikuu. Programu iliyolelewa kwa cha kwanza inasema nini ikionyeshwa cha pili? Ulizeni kila mara picha zimetoka kwa akina nani.

Hoja ya tano: siri za watu

Fupi. Usipige picha skrini kwa simu. Usitume picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata la wasimamizi. Faili la CT limebeba jina la mgonjwa ndani yake hata kama halionekani juu ya picha, na CT ya kichwa inaweza kujengwa upya na kompyuta hadi sura ikatambulika. Jedwali lako likae kwenye kompyuta ya hospitali, kwa namba za siri, na orodha ya kuziunganisha namba na majina ikae kwingine. Kila hospitali ya NHS ina mlinzi wa siri za wagonjwa, cheo kilichotokana na ripoti ya mwaka 1997 ya kamati ya Dame Fiona Caldicott. Mjue ni nani kabla yeye hajakujua wewe.

Suala la majina ya waandishi nalo limalizeni siku ya kwanza. Nani atatajwa, wa kwanza nani, na kwa kazi ipi. Muulize msimamizi waziwazi. Kwetu kuuliza hivyo kunaonekana ni tamaa, lakini kunyamaza Julai na kununa Desemba kunaharibu zaidi.

Hoja ya sita: kazi ndogo iwasilishwe

Mwanafunzi akimaliza jedwali hujiona amemaliza. Bado. Matokeo yapelekwe kwenye kikao cha idara, hata kama waliohudhuria ni saba na wawili wanakula. Yakifaa, yaandikiwe bango na kupelekwa kwenye mkutano. Kusema mbele za watu kuna faida ambayo hakuna anayeweza kuitabiri, na mfano wake uko mitaa michache tu kutoka ukumbi huu, ilipokuwa Hospitali ya Middlesex.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Katika miaka ya hamsini aliona watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yao. Kisha akaanza kuuliza jambo moja dogo: ugonjwa huu unaonekana wapi, na unakoma wapi? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni, akachora majibu kwenye ramani. Tarehe 22 Machi 1961 aliyaeleza hayo Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo na kutafuta virusi vinavyoleta saratani. Baadaye mwaka huo Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari la mtumba kwa wiki kumi, maili 10,000, kutoka Uganda kuelekea kusini, wakipita hospitali kwa hospitali kuhakikisha mpaka wa ugonjwa. Na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi walivyovikuta kwenye seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, ambavyo leo tunaviita virusi vya Epstein-Barr. Wazazi mliokuja, mnapowaona watoto wenu wanatetemeka kabla ya kuwasilisha bango, waambieni hivi: huwezi kujua nani kakaa mstari wa nyuma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naelekea mwisho, na mwisho wenyewe ni pendekezo.

Wengi wenu mtakwenda Afrika Mashariki kwa mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho. Mkifika, msibuni utafiti ndani ya ndege. Wanafunzi wenzenu wa Muhimbili, Nairobi na Makerere wanazijua hospitali zao kuliko nyinyi, na majeruhi wa bodaboda wanaopokelewa MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, wana swali lilelile tulilolichambua kwenye hoja ya pili: tangu dalili ya hatari ionekane hadi CT ipigwe, muda gani unapita, na unapotelea wapi? Kiwango cha saa 1 kiliandikwa kwa ajili ya nchi hii. Sipendekezi tukibebe kizimakizima, tukawapime nacho watu ambao mgonjwa wao amesafirishwa kutoka wilayani kwa basi. Napendekeza safu zilezile tano za yule mzee wa kubuni, yaani kufika, dalili, ombi, picha na ripoti, zijazwe pande mbili, halafu tukae pamoja tuone kila upande unachelewa wapi. Safu ya sita iwe ya wale ambao hawakupigwa CT, na sababu yake: mashine mbovu, fedha, au hakuna aliyeomba.

Kwa London huo ni ukaguzi. Kwa nyumbani vibali vyake ni vingine: Tanzania Bara kazi ya namna hii hupitia kamati ya maadili ya chuo na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, Zanzibar ina taasisi yake ya ZAHRI, Kenya kuna NACOSTI. Vinachukua miezi, kwa hiyo atakayesafiri kiangazi kijacho hana budi kuanza msimu huu wa baridi. Nimeongea na Mwenyekiti, na chama kimekubali kutupa chumba kidogo cha juu Jumamosi mbili za Februari. Ya kwanza tutaandika maelezo ya kazi, ukurasa mmoja, pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi kwa njia ya video. Ya pili tutajaza mafaili kumi ya kubuni ili tuone fomu inavunjika wapi. Katibu ana daftari la majina hapo mlangoni. Anayejiandikisha aandike jina la chuo, mwaka wake, na kama anaujua mwandiko wa manesi wa zamu ya usiku, maana mtu huyo tutamhitaji kuliko wote.

Tuna dakika ishirini za maswali, na naona mama mmoja kule nyuma ameshanyoosha mkono muda mrefu.